Hesabu Mpaka Kumi

Siku nilipougundua uongo wetu nilikuwa nimekasirika, na kama ningekuwa mtulivu nisingeugundua. Nalitanguliza hilo kwa sababu tangu siku ile watu wamekuwa wakinisifu eti nina jicho kali. Sina jicho kali. Nina hasira za karibu tu, na asubuhi ile zilipanda kwa sababu ya chai.

Mwalimu alikuwa akijimiminia chai kwenye meza ndogo iliyo nje ya maabara. Birika mkononi, kikombe mbele yake, na chai yote ikaenda pembeni, juu ya daftari langu la vipimo. Hakuniomba radhi. Aliuliza, "Nani amesogeza kikombe?"

"Hakuna aliyekisogeza, Mwalimu."

"Kilikuwa hapa."

"Na bado kipo hapo."

Akageuza kichwa upande, akalitazama lile dimbwi kwa pembe ya jicho kama kuku anayemchunguza mwewe, halafu akanisukumia kitambaa nifute mimi. Nikafuta. Nilifuta huku nikimtukana kimoyomoyo matusi ambayo mama yangu angeyasikia angenichapa na utu uzima wangu huu.

Mwalimu huyo ni baba yangu mdogo, mdogo wake marehemu baba. Ndiye aliyenilea tangu nikiwa na miaka tisa. Alinilaza chumba kimoja na binti yake, akanisomesha, na mwisho akaniajiri. Nyumbani namwita Baba Mdogo. Maabara ni Mwalimu, kwa amri yake mwenyewe, ili watu wasiseme ameleta ukoo kazini. Walisema vilevile.

Kwa wiki tatu hivi alikuwa amebadilika. Alinipita kwenye korido bila salamu. Wageni wakija, ananyoosha kidole kwenye skrini na kuniambia, "Soma," kama vile mimi ni mtoto wa darasa la kwanza, ilhali namba ziko mbele ya pua yake. Ripoti nilizompelekea zilirudi hazina hata doa la kalamu nyekundu, yeye ambaye zamani alikuwa akisahihisha mpaka kadi za harusi. Nikajisemea, mzee kapata jina, sasa sisi wengine hatuoni.

Na jina alikuwa nalo kweli. Lilitokana na namba moja.

Niieleze namba hiyo, maana yote yanatoka humo. Kazi yetu ni kupima jinsi vitu vinavyopinda mwanga. Kioo cha kawaida hupinda mwanga kwa kiasi kilekile, uwe hafifu au uwe mkali. Lakini viko vitu vichache ambavyo mwanga ukiwa mkali sana hubadilika tabia: vyenyewe vinageuka kuwa kama lenzi na kuutawanya mwanga uleule uliovichokoza. Miaka kumi na miwili iliyopita Mwalimu alipima rangi moja ya zambarau hafifu, akapata namba kubwa mara elfu kuliko ya rangi nyingine yoyote iliyo ndugu yake. Tangu hapo alialikwa huku na kule kuieleza. Picha yake akiwa ameshika kichupa cha zambarau imetundikwa sebuleni kwetu, juu ya televisheni, pale ambapo kwa watu wengine hukaa picha ya harusi.

Namba kubwa namna hiyo haiwezi kuachwa ikae kwenye karatasi. Ukiichanganya rangi ile na plastiki ukatengeneza miwani, fundi wa leza anaona kazi yake vizuri siku nzima, na mwale ukimrukia jichoni kwa bahati mbaya, miwani yenyewe inautawanya kabla haujamuunguza. Hayo ndiyo tuliyoahidi. Miwani ya kawaida ya mafundi hao ni nyeusi tii. Hawaoni wanachokichora, kwa hiyo wanaipandisha kwenye paji la uso na kumwachia Mungu.

Binti wa Mwalimu, yule niliyelala naye chumba kimoja, ni fundi wa leza. Tunamwita Sindano, kwa wembamba wake na kwa mikono isiyojua kutetemeka. Anachora mabamba ya shaba kwenye karakana iliyo upande wa pili wa mji, kwa leza ya kijani inayopiga mapigo kumi kwa sekunde. Shaba inang'aa, na mwanga ukigonga kitu kinachong'aa huruka unakotaka wenyewe. Mwalimu alikuwa amesema hatampa mtoto wa mwenzake miwani ambayo hajampa wa kwake. Kwa hiyo Sindano ndiye angekuwa wa kwanza kufanya kazi akiwa ameivaa.

Na siku yenyewe ndiyo hiyo ya chai. Saa mbili asubuhi alinitumia picha yake akiwa ameivaa miwani. "Dada, nimependeza au nimekuwa mwizi?" Nikamjibu amekuwa mwizi aliyependeza. Akaandika kwamba wataanza saa nne na robo, wakishamaliza chai, na kwamba simu anaifungia kabatini kama sheria ya karakana inavyotaka.

Nikaingia maabara na daftari langu linalonuka majani ya chai.

Upimaji wetu ni hivi. Mezani kuna leza ya kijani. Mwale wake unapita kwenye lenzi na kubanwa mpaka unakuwa mwembamba kuliko unywele, halafu unapanuka tena kuelekea kwenye kibati chenye kitundu katikati. Nyuma ya kitundu kuna kihisi kinachosoma ni mwanga kiasi gani umepita. Kichupa bapa chenye rangi ya zambarau kinakaa juu ya reli ndogo, nasi tunakisogeza hatua kwa hatua kukipitisha pale mwanga unapobanwa. Rangi ikiwa na uwezo wa kupinda mwanga, namba kwenye skrini zinapanda kabla ya hapo na kushuka baada yake, na ukizichora unapata kilima na bonde. Rangi isiyo na uwezo inatoa mstari mnyoofu tu.

Kanuni ilikuwa moja, imeandikwa kwa mkono wa Mwalimu kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani juu ya meza: HESABU MPAKA KUMI. Unafunga kipazia cha leza ili rangi isichakae, unasogeza kichupa, unafungua kipazia, unahesabu mpaka kumi, ndipo unaandika. Sababu ni kwamba ukifungua tu, namba kwenye skrini inatambaa, inatambaa, kisha inatulia. Kuandika namba inayotambaa, alitufundisha, ni uzembe. "Haraka haraka haina baraka," ndiyo iliyokuwa salamu yake kwangu, na akanibandika jina la Chapuchapu ambalo sasa hata mlinzi wa getini ananiitia. Miaka sita nimehesabu mpaka kumi, hatua arobaini kwa kila kichupa. Nikichemsha maji nyumbani najikuta nahesabu.

Asubuhi ile sikuhesabu. Nilimwambia Mwalimu asiyekuwepo, "Subira yako ikusubiri mwenyewe," nikaweka kidole kimoja kwenye kitufe cha kipazia na kingine kwenye kitufe cha kuandika, nikawa navibonyeza pamoja. Funga, sogeza, bonyeza. Funga, sogeza, bonyeza. Kazi ya karibu robo saa niliimaliza kwa dakika tano, nikageukia skrini kuona nimeharibu kiasi gani.

Ulikuwa mstari mnyoofu.

Nilidhani nimesahau kuweka kichupa. Kipo. Nilidhani nimeweka cha maji. Ni cha zambarau. Nikagusa kila kilichogusika, nikapuliza vumbi lisilokuwepo, nikapima tena, mara hii nikihesabu mpaka kumi kama mtoto mwema. Kilima na bonde vikatokea, na namba ikawa ileile ya miaka kumi na miwili. Nikapima tena bila kuhesabu. Mstari mnyoofu. Nikaiambia kompyuta ingoje nusu sekunde: kichuguu. Sekunde mbili: kilima cha kueleweka. Sekunde kumi: picha ya sebuleni kwetu.

Nilikaa kwenye kiti bila kukivuta vizuri, kidogo nianguke.

Mwanga haungojwi. Rangi inayojibu mwanga kwa nguvu zake yenyewe inajibu papo hapo, kabla hujafungua mdomo kusema moja. Kitu kinachotambaa kwa sekunde kadhaa ndipo kitulie kina jina jingine, na kila mtu katika kazi yetu analijua. Ni joto. Kitu kikipata moto kinapinda mwanga, kama hewa ya juu ya jiko inavyofanya ukuta wa nyuma yake uonekane unacheza. Tulikuwa tukiambiana kila siku kwamba mapigo ya leza yetu ni mafupi mno kuweza kupasha kitu moto, na kwa pigo moja ni kweli. Lakini yanakuja milioni themanini kwa sekunde. Joto la pigo la kwanza halijaondoka, la pili limeshafika. Haba na haba hujaza kibaba, tunawaimbia watoto, halafu watu wazima wenye shahada tukasahau.

Hatukuwa tunangoja namba itulie. Tulikuwa tunangoja rangi ichemke.

Nilicheka. Sijui kwa nini, nilicheka peke yangu kwa sauti mpaka nikajiogopa. Miaka sita ya maisha yangu ilikuwa joto la kichupa tu, na mwenye kichwa kigumu kuliko wote katika jengo lile ndiye aliyekuwa amebandika kosa ukutani kwa herufi kubwa, akatulazimisha tulitii.

Kisha nikamkumbuka Sindano, na kicheko kikakatika.

Leza ya karakana haipigi mapigo milioni themanini madogo. Inapiga kumi, na kila moja ni rungu. Pigo kama hilo huja na kuondoka kabla joto halijaamka usingizini. Lingepita kwenye miwani kama linavyopita dirishani, liunguze jicho, ndipo plastiki ianze kupata vuguvugu. Na aliyeipima ile miwani ni mimi. Niliiweka mbele ya leza yetu, nikafungua kipazia, nikahesabu mpaka kumi, nikaandika IMEFAULU, nikatia sahihi yangu yenye mkia mrefu.

Kulikuwa na kipande cha plastiki ya miwani kilichobaki kwenye droo. Niliondoa lenzi mezani, nikakisimamisha kipande njiani, nikauelekeza mwale ukutani, nikafungua kipazia. Doa la kijani likatua ukutani, dogo, kali, ukubwa wa punje ya mahindi. Likakaa hivyo. Kisha likaanza kutanuka taratibu, na nilikuwa nimeshamaliza kusema moja ndipo likawa pana kama sahani na kufifia. Ule muda wa kusema moja ndio muda ambao jicho la mtu lingekuwa limeshapigwa mara kumi.

Saa tatu na dakika arobaini. Nikapiga simu ya Sindano. Ikaita, ikaita, nikaiona akilini inavyotikisika peke yake ndani ya kabati la bati. Namba ya ofisi ya karakana sikuwa nayo. Aliyekuwa nayo ni Mwalimu, na meneja wa kule hakuwa na sababu ya kunisikiliza mimi wakati aliyemuuzia wazo ni Profesa.

Sikupiga hodi.

"Mwalimu, miwani isimamishwe. Piga simu karakana sasa hivi."

Alikuwa amekaa nyuma ya meza yake, mikono imelala juu ya kitabu kilichofunguliwa. Hakuniangalia usoni. "Chapuchapu. Anza mwanzo."

Nikaanza mwanzo, katikati na mwisho kwa pumzi moja. Alinisikiliza mpaka nikanyamaza, halafu akauliza nilichojua atauliza.

"Ulihesabu?"

"Sikuhesabu, na ndiyo maana."

"Basi huna kipimo. Una haraka."

"Mwalimu, namba yetu ni joto."

"Maabara tatu nje ya hii zimeipata namba hiyohiyo."

"Kwa leza kama yetu. Na nani aliwafundisha kuhesabu mpaka kumi? Barua niliandika mimi, ukinitamkia wewe."

Akakifunga kitabu. Nikamwambia, njoo uone, ukiona halafu ukaniambia ni haraka, nitaacha kazi leo na utapata wa kukufutia chai. Akainuka. Tulipotoka alikuwa anapapasa ukuta wa korido kwa ncha za vidole, nami nilikuwa mbele nikimhimiza, na hata hilo niliona nikaliweka kwenye fungu la maringo yake.

Ndani ya maabara nikamsimamisha mahali pazuri. "Tazama ukutani." Nikafungua kipazia. Doa likatua, likakaa, likatanuka. "Umeona?"

"Rudia."

Nikarudia.

"Rudia tena."

Nikarudia, ikawa mara ya tatu. Saa ya ukutani ilikuwa saa nne kasoro dakika nane, na watu wa karakana walikuwa karibu kuinua vikombe.

"Limeanza na ukubwa gani?" akauliza.

"Si unaliona?"

"Nakuuliza wewe."

"Baba Mdogo," nikasema, na ndani ya maabara sikuwahi kumwita hivyo, "miaka sita unanifundisha nisiamini maneno ya mtu. Tazama mwenyewe."

Akageuza kichwa upande, kama kuku, kama vile alivyoitazama chai. Akakigeuza upande wa pili.

"Nikilitazama, halipo," akasema. "Likitanuka naona kijani kwenye kingo. Pale katikati hakuna kitu, mwanangu. Hakuna doa, hakuna ukuta. Hata wewe ukisimama mbele yangu huna uso."

Sikuelewa. Nasema kweli, kwa muda nilidhani anazungumzia leza.

Jicho lake la kushoto lilikuwa bovu tangu utotoni, hilo tulilijua wote. La kulia ndilo lililomsomesha. Akanieleza akiwa amesimama vilevile, ameelekea ukutani. Ijumaa moja, wiki tatu nyuma, alikwenda karakana mchana wakati mafundi wametoka, akavaa ile miwani, akasimama pale anaposimama Sindano na kuiwasha leza juu ya bamba la shaba. Alitaka awe ameijaribu yeye kabla ya mtoto. Aliona kijani mara moja. Kisha ikawa kama mtu amembandika sarafu jichoni, na sarafu hiyo haijatoka mpaka leo. Meneja aliporudi, Baba Mdogo alimwambia kila kitu kiko sawa.

"Ukasema kila kitu kiko sawa," nikarudia.

"Nilidhani imeniteleza. Miwani huteleza puani. Nikajua mwale umepita chini yake."

"Unakumbuka ikiteleza?"

"Hapana. Lakini namba ilisema haiwezi kupita."

"Na jicho lako je?"

"Jicho langu ni kipimo kimoja," akasema Baba Mdogo. "Namba imepimwa mara elfu."

Nilimchukia. Sitaki kulificha hilo, nilimchukia mtu aliyenilea, na ilidumu kama muda wa kuvuta pumzi tatu. Kisha nikaona kwamba hata mimi, kama angeniambia Ijumaa ileile, ningemwambia miwani imekuteleza. Ningelitetea daftari. Ningemhurumia, nikamnunulia kamba ya kufungia miwani kisogoni, na kumpeleka Sindano kazini kwa moyo mweupe.

Na chai. Na zile salamu za korido. Na "soma." Wiki tatu nilikuwa namnunia kipofu.

"Namba ya karakana," nikasema. "Nitajie."

Alinitajia kwa kichwa, nikabonyeza, nikafungua spika na kumwekea simu mkononi. Saa nne na dakika sita. Meneja alipokea akiwa na kitu mdomoni.

"Profesa, umepiga wakati mzuri. Leo tumemaliza chai mapema, vijana wako mashineni, miwani wameshavaa."

"Wavue. Isiwashwe."

"Imeshawashwa, inapata moto. Kuna nini?"

"Miwani haifanyi kazi."

Meneja alicheka kidogo, kicheko cha heshima. "Profesa, mbona wiki ile ulisema umeijaribu mwenyewe? Kwa jicho lako. Nimewaambia vijana hivyohivyo, ndiyo maana wamekubali."

Baba Mdogo akafumba macho. Nilinyoosha mkono nimpokonye simu niseme mimi, nimkinge, na akahisi, akaniondolea mkono kwa upole kama anavyoondoa mtu utando.

"Nilisema. Niliijaribu kwa jicho langu," akasema. "Na jicho hilo halioni tena. Zima leza, kisha uniletee binti yangu kwenye simu."

Tulisikia simu ikigonga meza, viatu vikikimbia, mlango, na nyuma ya vyote hivyo mngurumo wa mashine ukiendelea bila wasiwasi. Nikajikuta nahesabu. Sikutaka, midomo ilienda yenyewe kwa mazoea ya miaka sita. Nilifika kumi na mngurumo bado upo. Nikafika ishirini. Baba Mdogo naye alikuwa anahesabu, nilimwona kwenye midomo. Tulikuwa thelathini na saba mngurumo ulipokatika.

"Baba?" Sauti ya Sindano, ina mapumuo ya kukimbia. "Kuna nini huko? Nilikuwa nimeshaweka kidole kwenye kitufe, huyu mzee akaja kunivamia kama mwizi."

Baba Mdogo akanisukumia simu. Nikaichukua.

"Mdogo wangu, umewasha mwale?"

"Bado. Dada, mbona unalia?"

Sikuwa najua kama nalia.

Tukiwa tunamngoja Sindano aje, Baba Mdogo alikaa kwenye kiti changu na kunielekeza nichukue kalamu. Alinitamkia barua ya kwenda kwa zile maabara tatu, sentensi fupi fupi, bila kumlaumu mtu na bila kujihurumia. Namba tuliyoitangaza miaka kumi na miwili iliyopita si tabia ya rangi, ni joto. Kipimo kikifanywa papo hapo, hakuna kitu. Alipofika kwenye sababu alisita, kisha akasema niandike kwamba kosa lilitokana na kanuni ya kungoja, na kwamba kanuni hiyo aliitunga yeye. Nikamuuliza kama nami nitie sahihi, kwa kuwa vipimo vya miaka sita ni vyangu. Akasema, "Tia, lakini chini ya yangu."

Nikapanda juu ya kiti kingine nikabandua ile karatasi ya ukutani. Gundi ilikuwa imekauka, ikatoka na rangi ya ukuta.

Sindano aliingia karibu saa sita, miwani ya zambarau mfukoni, hasira usoni. Zile hasira ni za ukoo. Meneja alikuwa amemwambia yote njiani. Alikuja moja kwa moja mpaka mbele ya kiti cha baba yake, akasimama magoti yakigusana na magoti, akamshika mashavu na kumwinua uso.

"Wiki tatu, Baba. Nakuuliza una nini, unaniambia umechoka. Nitazame. Nitazame unijibu."

Baba Mdogo alimtazama. Macho yake yalikuwa wazi, masafi, yameelekea pale hasa uso wa mtoto wake ulipokuwa, na nilijua sasa kwamba pale hapakuwa na kitu.

"Sogea kando kidogo, mwanangu," akasema. "Ukisimama mbele yangu sikuoni."

Sindano akaachia mashavu. Akasogea hatua moja kulia, polepole. Baba Mdogo akageuzia uso dirishani, upande ambao hayupo, na akiwa ameelekea huko akasema sasa anamwona.

"Macho yako hayajaguswa?"

"Mazima, Baba."

"Yote mawili?"

"Yote mawili."

Akamuuliza tena, kisha akamuuliza mara ya tatu, kama mtu anayerudia kipimo, na kila mara Sindano alimjibu papo hapo, bila kungoja.